Kahawa ya Kilimanjaro na Mkono wa Utawala

Mwaka 1925, Moshi ikiwa bado mji mdogo uliokuwa mwisho wa reli itokayo Tanga, wakulima wa Kichagga waliunda Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, KNPA. Rais wake alikuwa Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi aliyesoma kwa wamisionari wa Kilutheri na kuwahi kufanya kazi katika ofisi za serikali. Walowezi wa Kizungu walikuwa wanashinikiza Waafrika wazuiwe kulima kahawa, na wakulima waliona kwamba asiye na chama hana mtetezi. Isitoshe, mibuni yao ilikuwa inashambuliwa na wadudu ambao mtu mmoja hawezi kuwamaliza shambani kwake huku wakizaliana kwa jirani. Miaka 30 baadaye, makumi ya maelfu ya wakulima wadogo wa mlima huo walikuwa wanauza arabika kwenye soko la dunia kupitia ushirika wao, na watoto wa Kilimanjaro walikuwa wanakwenda shule kwa wingi ambao sehemu chache sana za Tanganyika ziliweza kuufikia.

Utawala wa eneo ulichangia nini katika mageuzi hayo? Ninaposema utawala wa eneo ninamaanisha ofisi ya serikali ya Moshi, Wamangi, yaani machifu waliotawala kata za mlimani, pamoja na mabaraza yao, na hatimaye Baraza la Wachagga lililokuwa na hazina na bajeti yake. Swali hili linatuhusu leo, kwa sababu kila mkoa na kila halmashauri ina mpango mkakati unaoahidi ubunifu na ukuaji wa uchumi, na mingi ya mipango hiyo inaandikwa kana kwamba ubunifu ni kitu cha kuletwa kutoka nje kwa gari la mwekezaji. Kwa maoni yangu historia ya Kilimanjaro inaonyesha njia tofauti. Utawala ulifanikiwa pale ulipobeba mizigo ambayo kaya moja haiwezi kuibeba, yaani magonjwa ya mimea, utafiti, mizani ya soko na elimu, na kumwachia mkulima uamuzi wa nini apande ndani ya kihamba chake, yaani shamba lake la ukoo. Ulipovuka mpaka huo ukaanza kuamua kwa niaba yake, ulivuna chuki na, baadaye, mdororo.

Tuanze kabla ya kahawa. Mlima haukuwa ukisubiri mtu wa kuja kuufundisha kilimo. Kwenye ukanda wa mita 1,000 hadi 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, koo za Kichagga zilikuwa zimechimba mamia ya mifongo, yaani mifereji inayochepusha maji ya vijito kutoka juu kabisa kwenye makorongo na kuyateremsha kwa mwinuko mdogo uliopimwa kwa macho hadi kwenye vihamba. Pale mfongo ulipokutana na bonde, maji yalivushwa kwa magogo yaliyotobolewa. Sehemu nyingine yalikusanywa usiku kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, ili yafunguliwe asubuhi. Kila mfongo ulikuwa na wazee wake, zamu zake na adhabu zake: ulipobomoka wanaume walipigiwa mbiu kuutengeneza, na asiyefika alitozwa faini au kunyimwa zamu ya maji. Ndani ya kihamba kulikuwa na migomba ya aina nyingi, viazi vikuu na maharage, na ng'ombe waliofungiwa bandani wakikatiwa majani, samadi yao ikirudishwa kwenye migomba. Misafara ya biashara iliyotoka pwani katika karne ya 19 ililijua eneo hili kama mahali pa kupata chakula. Jamii iliyoweza kuongoza maji kwa kanuni ilikuwa na mtaji ambao hauonekani kwenye vitabu vya hesabu: mazoea ya kukubaliana, kuwajibishana na kutunza kitu cha wote.

Kahawa yenyewe ililetwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na misheni ya Kilema ndiyo inayotajwa zaidi kama chimbuko lake mlimani. Wakati wa Wajerumani, mibuni ilikuwa hasa ya walowezi, ya misheni, na ya Wamangi wachache waliopenda kujaribu. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi kufikia mwaka 1912, lakini reli peke yake haikumfanya mkulima wa kawaida apande. Mageuzi yalikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipochukua nchi. Charles Dundas, ofisa aliyeongoza Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliwatia moyo wakulima wadogo kupanda kahawa, na hakuwaachia Wamangi na ndugu zao peke yao. Ni lazima tuseme wazi kwamba hakufanya hivyo kwa upendo mtupu. Serikali ya kikoloni ilihitaji kodi, na mtu mwenye kahawa hulipa kodi bila kukimbizwa. Hata hivyo nia ya mtawala ni jambo moja na matokeo ya uamuzi wake ni jambo jingine, na uamuzi huu uliwafungulia watu wa kawaida mlango ambao kwingineko ulikuwa umekomewa.

Walowezi walipinga kwa nguvu, na hoja zao zinastahili kusikilizwa hata kama hazikuwa safi. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yatatunzwa vibaya na kuwa chanzo cha magonjwa yatakayoangamiza mibuni ya kila mtu. Walidai pia kwamba kahawa itaibwa kwenye mashamba makubwa na kuuzwa kama ya wakulima wadogo. Ambalo hawakulisema kwa sauti ni kwamba mtu anayepata fedha nyumbani kwake hana sababu ya kwenda kuchuma kahawa ya mwingine kwa ujira mdogo. Hoja ya magonjwa ilikuwa na chembe ya ukweli, kwani wadudu hawatambui mpaka wa shamba. Utawala wa Moshi ungeweza kuijibu kwa katazo. Badala yake, upandaji ukaendelea na tatizo la magonjwa likageuzwa kuwa kazi ya pamoja. Nauona uamuzi huo kuwa mkubwa kuliko yote yaliyofuata, na cha ajabu ni kwamba haukugharimu fedha yoyote. Ulihitaji tu mtawala akatae kuwalinda wakubwa waliotangulia dhidi ya wadogo waliokuwa wanaanza.

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba mafanikio ya Kilimanjaro yaliletwa na udongo wa volkano na mvua ya mlima, na kwamba serikali yoyote ingesifiwa pale. Jibu liko ng'ambo ya mpaka. Kenya nayo ina Mlima Kenya, wenye udongo wa volkano, mvua nzuri na wakulima hodari wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru. Lakini serikali ya Kenya iliwasikiliza walowezi, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kulima arabika. Ruhusa ilianza kutolewa kwa tahadhari kubwa katikati ya miaka ya 1930, kwa watu wachache wa Meru, Embu na Kisii, kwa idadi ndogo ya miche na chini ya uangalizi mkali. Mlango ulifunguliwa hasa baada ya mpango wa kilimo wa serikali ulioitwa mpango wa Swynnerton, wa mwaka 1954, wakati nchi ikiwa katikati ya vita vya Mau Mau. Mara baada ya hapo kahawa ya wakulima wadogo wa Kenya ilienea kwa kasi na ikajipatia sifa duniani. Udongo ule ule na mvua ile ile vilikuwepo mwaka 1925. Kilichokosekana kwa takriban miaka 30 ni ruhusa, na hasara ya miaka hiyo ilibebwa na familia ambazo zingekuwa na ada ya shule, bati la nyumba na mtaji wa biashara kizazi kizima mapema.

Ruhusa peke yake isingetosha. Mbuni huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na katika muda huo mkulima ameshatoa jasho bila kuona senti. Akishafika hapo, mdudu anayefyonza buni changa anaweza kumwachia punje nyeusi zisizouzika. Pampu ya kupulizia dawa ilikuwa ghali mno kwa kaya moja, na hata ambaye angeweza kuinunua asingepata faida kamili kama jirani yake hapulizi. Ndiyo maana KNPA, pamoja na kuuza kahawa, ilijishughulisha kununua pampu na dawa kwa ajili ya wanachama, na elimu ya kupogoa, kuweka matandazo na kupulizia ikasambaa kutoka shamba hadi shamba. Mwaka 1934 serikali ilianzisha kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungu, mlimani penyewe, katika mazingira yale yale mkulima anamolima. Kutoka kwenye kazi za kituo hicho zilipatikana na kuenezwa aina kama N39 na KP423, ambazo bado zimo kwenye vihamba vingi hadi leo. Mzee wa Machame au Marangu anayejua kuchanganya mrututu na chokaa kwa kipimo sahihi ni mrithi wa elimu hiyo. Wakulima nao hawakuwa wapokeaji tu. Waliipanda kahawa chini ya kivuli cha migomba, wakaimwagilia kwa mifongo na kuirutubisha kwa samadi ya bandani, wakaunda mfumo wa kilimo ambao shamba la mlowezi, lenye kahawa tupu na vibarua, halikuwa nao. Kahawa ilipoanguka bei, mwenye migomba alikula. Mlowezi mwenye deni la benki alifilisika.

Mzigo wa pili ulikuwa soko, na tusidhani ni jambo jepesi. Kahawa ikishachumwa ikiwa nyekundu, humenywa siku hiyo hiyo kwa mashine ya mkono, ikavundikwa, ikaoshwa mpaka utelezi uishe, kisha ikaanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa geuzwa kwa siku kadhaa. Mwenye haraka ya kuuza, au mwenye deni dukani, hukatisha hatua hizi, na mnunuzi wa barabarani humlipa bei moja na aliyezifuata. Ambapo bei haitofautishi kazi nzuri na mbaya, hakuna atakayejisumbua kuboresha. Ushirika ulilibadilisha hili kwa vitu vinavyoonekana vidogo: ghala la karibu na nyumbani, mizani moja kwa wote, karani anayeandika kilo kwenye kitabu, malipo ya kwanza papo hapo na malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa na gharama kutolewa. Malipo ya pili hasa ndiyo yaliyomfundisha mkulima kwamba kahawa ile bado ni yake hata ikiwa imeshafika Mombasa au London. Kwa njia hiyo ubora uliacha kuwa amri ya bwana shamba na ukawa maslahi ya mwenye shamba.

Kisha yakaja makosa, na yana mafunzo kuliko mafanikio. KNPA ilikuwa imekua na kuwa sauti ya kisiasa. Ilihoji mambo ya ardhi, na viongozi wake hawakuwa chini ya Wamangi. Serikali, ambayo chini ya Gavana Donald Cameron ilikuwa inajenga utawala wa kupitia machifu, haikufurahi. Bei ya kahawa ilipoanguka katika mdororo wa dunia, na chama kikawa na matatizo ya hesabu, Merinyo aliondolewa. Sheria ya vyama vya ushirika ikapitishwa mwaka 1932, na mwaka 1933 KNPA ikabadilishwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, KNCU, chenye vyama vya msingi mlimani kote na meneja wa Kizungu, A. L. B. Bennett. Muundo huo ulikuwa bora kwa njia nyingi. Lakini baadaye kidogo Wamangi, wakitumia mamlaka yao, waliweka kanuni ya kumlazimisha kila Mchagga auze kahawa yake kupitia KNCU tu. Watu waliokuwa wamekiunda chama chao kwa hiari wakajikuta wanasukumwa na chifu kwenda ghalani. Malalamiko yalikua mwaka hadi mwaka, na mwaka 1937 yakalipuka. Umati wa wakulima ulivamia na kuharibu maghala ya ushirika, na serikali ikatuma nguvu ya kuwazima. Walioharibu maghala hawakuwa wanaipinga kahawa, kwani walikuwa wameipanda wao wenyewe. Walikuwa wanapinga kunyang'anywa uamuzi juu ya kitu walichokijenga.

Pingamizi zito dhidi ya hoja yangu liko hapa. Shuruti ya kuuza kupitia KNCU haikufutwa baada ya 1937. Iliimarishwa kwa sheria ya nchi, na bado miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya neema kuliko yote. Je, hilo halionyeshi kwamba nguvu ilihitajika, na kwamba ushirika bila shuruti ungekufa kwa kila mtu kukimbilia mnunuzi wa kando anayelipa senti moja zaidi leo? Siwezi kulipuuza. Ushirika wowote unaotoa dawa na pembejeo kwa mkopo unaumia pale mwanachama anapouza pembeni. Pia ni kweli kwamba bei ya kahawa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilipanda sana, ikafika kilele katikati ya miaka ya 1950, na bei nzuri hutuliza hasira nyingi. Lakini kama shuruti ndiyo iliyoleta mafanikio, ilipaswa kuyaleta pia mwaka 1936, ilipokuwepo na ikazaa vurugu. Shuruti ilibaki. Kilichobadilika ni uhusiano kati ya wakulima na chama. Wenyeji waliongezeka kwenye uongozi, mikutano ya vyama vya msingi ikawa mahali pa kubishana na kuchagua, na fedha zikaanza kurudi kwa namna inayoonekana kwa macho. Tazama pia Rwanda na Burundi, ambako Wabelgiji katika miaka ya 1930 walilazimisha kaya kupanda mibuni kwa idadi iliyopangwa, kwa kusimamiwa na machifu na kwa adhabu. Kahawa ilipandwa kweli, na ikawa zao kuu la kuuza nje. Lakini kwa mkulima ilibaki kazi ya wakubwa, zao la amri linalotunzwa kadiri msimamizi anavyokuwa karibu. Ukilinganisha na mlima ambao wakulima walikuwa tayari kusimama dhidi ya walowezi ili wasizuiwe kupanda, tofauti ni kubwa mno.

Kurudi kwa fedha ndiko kulikoifanya kahawa izae mambo mengine. KNCU ilijenga jengo kubwa katikati ya mji wa Moshi, lenye ofisi, maduka na hosteli, ambalo lilimwambia kila aliyetelemka kutoka mlimani kwamba fedha ya wakulima inaweza kusimamisha ghorofa. Ushirika uligharimia masomo ya vijana na kuendesha mafunzo ya biashara na uhasibu, na si bahati kwamba baada ya uhuru Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilianzishwa mji huo huo mwaka 1963. Kwa upande wake, hazina ya Baraza la Wachagga, iliyopata nguvu kutokana na kodi na ushuru wa kahawa, ilisaidia shule, zahanati na barabara. Wamisionari wa Kilutheri na Kikatoliki walikuwa na mtandao mpana wa shule, lakini shule haiwezi kujaa kama wazazi hawana ada, na ada ilitoka kwenye buni. Kizazi kilichosoma kwa fedha hiyo ndicho kilichotoa makarani, walimu, madaktari na wafanyabiashara walioenea Tanganyika nzima. Vihamba vilikuwa vinagawanywa na kuwa vidogo kila urithi ulipopita, na elimu ikawapa vijana wengi urithi usiohitaji kugawanywa.

Utawala wenyewe nao ulibadilika, na mabadiliko hayo si pambo la hadithi. Mwaka 1946 himaya ndogo ndogo za mlimani ziliwekwa chini ya tarafa tatu za Hai, Vunjo na Rombo. Watu waliodai mkuu mmoja wa kuwaunganisha, wakiongozwa na Petro Njau, walianzisha umoja wa raia wa Kichagga, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Thomas Marealle akachaguliwa kwa kura kuwa Mangi Mkuu. Kufikia 1960 wapiga kura walikuwa wameamua kwamba wanataka rais wa kuchaguliwa kwa kipindi badala ya Mangi Mkuu, na Solomon Eliufoo akashika nafasi hiyo. Wasomaji wa leo huona humo siasa za kikabila tu. Mimi naona pia walipa ushuru waliodai kujua nani anashika mfuko wao. Mkulima aliyezoea kukagua hesabu za chama cha msingi hakuona ajabu kutaka kumkagua mtawala wake. Tabia ya kuuliza ilitoka ghalani ikaingia barazani, na bila tabia hiyo sidhani kama ushuru wa kahawa ungefika shuleni.

Wapo wanaosema kwamba sifa hizi zote zinaficha ukosefu wa usawa, na wana haki. Wamangi na jamaa zao walianza na ardhi kubwa na miche mingi. Wanawake walichuma, walimenya, waliosha na kuanika, lakini jina lililoandikwa kwenye kitabu cha chama lilikuwa la mume, na fedha ikalipwa mkononi mwake. Mwenye kihamba cha ukoo alisonga mbele, na asiyekuwa nacho akateremka tambarare kutafuta pa kulima. Kutegemea zao moja nako kuliuweka mlima mzima kwenye rehema ya bei inayopangwa mbali. Sioni haja ya kuyapunguza haya, na hasa la wanawake, ambalo ushirika ulikuwa na uwezo wa kulirekebisha kwa mstari mmoja kwenye kitabu cha wanachama na haukufanya hivyo. Ninachokataa ni hitimisho kwamba kwa hiyo utawala wa eneo ungejizuia. Kasoro zilitokana na utawala kutofika mbali vya kutosha katika kazi yake yenyewe ya kufungua milango.

Mambo yalivunjika katika miaka ya 1970. Mwaka 1972 serikali ya Tanzania ilitangaza sera iliyoitwa Madaraka Mikoani. Kwa jina ilikuwa ya kupeleka uamuzi karibu na wananchi, lakini ilivunja halmashauri za kuchaguliwa na kuweka mahali pake wakurugenzi na maofisa walioteuliwa kutoka makao makuu. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwa miongoni mwao, vilivunjwa, na kazi zao zikahamishiwa vijijini na kwenye mamlaka ya zao iliyo chini ya serikali kuu. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kubuni: ushirika katika sehemu nyingi za nchi ulikuwa na wizi, na serikali ilikuwa na nia ya kweli ya kupunguza pengo kati ya mikoa yenye mazao ya biashara na isiyokuwa nayo. Lakini angalia wakati. Baridi kali ya Julai 1975 ilikuwa imeharibu mibuni ya Brazil, na bei ya dunia ikapaa hadi kilele cha mwaka 1977. Ilikuwa nafasi adimu ya kung'oa mibuni mizee na kupanda upya, na ya kupambana na chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni changa ambao ulikuwa umeshaingia mashambani. Chombo cha wakulima cha kupokea fedha hiyo na kuipanga kilikuwa kimefutwa miezi michache tu kabla. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984, na sheria mpya ya ushirika ilikuwa imepitishwa mwaka 1982, lakini KNCU iliyorudi ilikuta mali zimetawanyika, wanachama wamekata tamaa na mibuni imezeeka.

Tangu hapo utafiti umepiga hatua. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na kuweka makao yake Lyamungu, imetoa aina za chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo mkulima anaweza kupunguza sana gharama ya dawa, iliyokuwa ikimla. Kikwazo kimekuwa miche kumfikia mkulima kwa wakati na kwa wingi. Hapa ndipo halmashauri za Hai, Siha, Moshi na Rombo zina nafasi ambayo wizara ya Dodoma haina, kwani kitalu ni kitu cha kata na kijiji. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara unaotozwa na halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na mkulima alipata nafuu, lakini mjadala uliishia kwenye kiwango. Swali ambalo baba za wakulima hao wangeuliza kwenye mkutano wa chama, yaani ni kiasi gani cha ushuru huo kinarudi shambani kama mche, mfereji uliosafishwa au barabara inayopitika Machi, halikusikika sana. Mwaka 2018 serikali ilielekeza pia kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi na mnadani, wanunuzi binafsi wasinunue tena moja kwa moja kwa mkulima. Lengo ni kumlinda mkulima asipunjwe, na ni lengo jema. Lakini atakayesoma habari za 1937 ataona kwamba usalama wa utaratibu huo unategemea malipo kufika kwa wakati na hesabu kusomwa mbele ya wanachama, na kwamba amri ya kuuza mahali pamoja bila mambo hayo mawili iliwahi kujaribiwa mlimani hapo hapo.

Wakati huo huo, vijana wengi wameshang'oa mibuni ya babu zao. Penye maji wamepanda nyanya na mboga, na kwenye vihamba vya juu parachichi limeshika kasi kwa ajili ya soko la nje. Hakuna aliyewaamuru, kama ambavyo wengi wa walioipokea kahawa karne moja iliyopita hawakuamriwa. Parachichi linahitaji miche iliyothibitishwa, chumba cha ubaridi karibu na shamba, vipimo vya mabaki ya sumu vinavyokubalika Ulaya, na mizani isiyomwibia mkulima, na hakuna kati ya hivyo kinachoweza kununuliwa na mwenye nusu eka. Halmashauri ina orodha ya vijiji, ina ushuru, ina maofisa ugani, na ina maghala ya vyama vya msingi ambayo mengine sasa yanafungwa kwa kufuli mwaka mzima.